Keki ya wanyama ya fondanti katika hewa ya Tanga

Maelekezo mengi ya fondanti, lile donge laini la sukari la kufunikia keki na kuumbia wanyama, yametungwa kwa majiko ya nchi za baridi, ambako hewa ni kavu na siagi haiyeyuki mezani. Ukiyafuata vilevile yalivyo ukiwa Ngamiani au Raskazone, tembo atakaa wima Alhamisi usiku, na ikifika Jumamosi mchana mkonga umelala kifuani na masikio yamening'inia. Kipimo hukukosea. Sukari hunywa maji yaliyomo hewani, na hewa ya pwani imejaa maji, hasa masika, Machi hadi Mei, na tena wakati wa joto la kaskazi. Kila hatua hapa chini imepangwa kwa kuuangalia unyevu huo: nini kipunguzwe kwenye fondanti, kipi kitangulie, na kipi kisionje friji kabisa.

Vipimo ni vya keki ya duara ya inchi 8 (sentimita 20), kimo chake sentimita 10, inayotosha watoto 20 hadi 24. Juu anakaa tembo mmoja, ubavuni wanabandikwa kasa wawili wa bapa.

Kabla ya kununua chochote, zungumza na mama wa mtoto. Muulize kama anataka mnyama kamili wa kusimama au mnyama wa bapa. Wapo wenye nyumba Tanga wasiopenda sanamu kamili ya kiumbe, na hilo ni vyema ulijue mapema kuliko kulisikia mlangoni. Kwao tengeneza keki yenye ngozi ya twiga au pundamilia, nyayo zinazopanda ubavuni, mkia na masikio mawili juu. Keki ya namna hiyo hupendeza sana, na kwa hali ya hewa yetu ni salama zaidi, maana hakuna kitu kirefu cha kuanguka. Uliza pia kama kuna mtoto anayedhurika na karanga, maziwa au mayai.

Ratiba, kama sherehe ni Jumamosi jioni

Jumapili au Jumatatu tengeneza fondanti na gundi. Jumanne muumbe tembo, ili apate siku tatu kamili za kukauka. Alhamisi jioni oka. Ijumaa asubuhi jaza krimu na uiache keki ikae. Ijumaa usiku, joto likipungua, funika. Jumamosi asubuhi bandika wanyama, funga sanduku, peleka. Anayeanza kumuumba tembo Ijumaa ndiye anayeishia kumchoma vijiti kila upande ili asianguke, na vijiti hivyo ni hatari kwa watoto.

Fondanti yenyewe

Unahitaji:

- sukari ya aisingi kilo 1, na gramu 200 za akiba
- jelatini ya unga gramu 10, kijiko kimoja cha chakula kisicho na kilima
- maji baridi mililita 60
- glukosi ya maji mililita 120, sawa na gramu 170 hivi
- glisirini ya kuliwa kijiko cha chai kimoja na nusu
- mafuta mgando meupe ya kupikia vijiko vya chakula 2
- unga wa CMC (unga mweupe wa kukazia fondanti) kijiko cha chai 1

Vitu vitatu katika orodha hii huwapoteza watu dukani. Kwanza, glukosi. Ile ya unga inayouzwa duka la dawa kwa kunywa si mbadala. Unayoitaka ni nzito kama asali na haina rangi. Kazi yake ni kuizuia sukari isirudi kuwa chengachenga. Pili, glisirini. Ile ya kupaka ngozi, iliyotiwa manukato, haifai kuliwa. Nunua duka la vifaa vya keki, iwe imeandikwa wazi kuwa ni ya chakula. Tatu, jelatini. Nyingine hutokana na nguruwe, kwa hiyo tafuta pakiti yenye alama ya halali, ya ng'ombe au ya samaki. Mashimelo, zile peremende laini kama sifongo, yana jelatini vilevile, hivyo wanaotengeneza fondanti kwa kuyeyusha mashimelo nao waangalie alama hiyo hiyo.

Glisirini imepunguzwa kwa makusudi. Maelekezo ya kawaida husema kijiko kizima cha chakula, ambacho ni vijiko vitatu vya chai. Lakini glisirini huvuta maji kutoka hewani kuliko hata sukari. Kwenye nchi zenye hewa kavu inasaidia fondanti isipasuke. Hapa kwetu, ukiijaza, keki itatokwa jasho kabla ya mishumaa kuwashwa. Nusu yake inatosha, na CMC inashika nafasi ya kuifanya fondanti ivutike.

Nyunyiza jelatini juu ya maji baridi, usikoroge, iache dakika 10 ivimbe. Weka bakuli juu ya sufuria yenye maji ya moto yasiyochemka na ukoroge mpaka iwe angavu, huoni chembe. Ikichemka inapoteza nguvu ya kushika, kwa hiyo usiiweke moja kwa moja juu ya moto. Tia glukosi, glisirini na mafuta, koroga mpaka mafuta yayeyuke, kisha ondoa ipoe hadi uvuguvugu. Wakati huo chekecha sukari yote. Changanya gramu 700 na CMC kwenye bakuli kubwa, fanya shimo katikati, mimina mchanganyiko, koroga kwa mwiko mpaka mwiko ukatae. Mwaga iliyobaki kwenye kibao safi na ukande kama unga wa chapati, ukiongeza sukari kidogo kidogo.

Lini uache kuongeza? Bonyeza kidole: alama ibaki na kidole kitoke kikavu. Vuta kipande: kinyooke sentimita tatu au nne kabla ya kukatika. Siku ya mvua inaweza kula hadi kilo 1 na gramu 100 za sukari, siku kavu gramu 950. Iache ikiwa laini kidogo kuliko unavyoitaka, maana CMC na jelatini huendelea kuikaza usiku. Ipake mafuta mgando juu, ifunge kwenye nailoni mara mbili bila hewa, iweke kwenye chombo chenye mfuniko, ilale saa 12 hadi 24. Utapata kama kilo 1 na robo: gramu 850 hadi 900 za kufunikia, zinazobaki ni za wanyama.

Siku hiyo hiyo tengeneza gundi. Robo ya kijiko cha chai cha CMC ndani ya vijiko viwili vya chakula vya maji yaliyochemshwa na kupoa. Tikisa, iache. Kesho yake mabonge yatakuwa yameyeyuka yenyewe na utakuta ute mzito. Maji matupu hubandika pia, lakini kwa unyevu huu yanateleza na kuacha michirizi.

Rangi

Tumia rangi ya jeli au ya unga. Rangi ya maji ya chupa ndogo inalainisha fondanti, na kufikia nyekundu iliyokolea utakuwa umeshamwaga maji mengi mno. Chovya ncha ya kijiti, futia kwenye fondanti, kanda; na kila mara tumia kijiti kipya, usirudishe kilichogusa fondanti ndani ya chupa. Rangi hukolea zaidi usiku kucha, basi ishia hatua moja kabla ya ile unayoitaka.

Kijivu cha tembo kina shida yake. Nyeusi kidogo ndani ya nyeupe mara nyingi hutoa kijivu chenye kuelekea zambarau au buluu. Ongeza kahawia kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, au kakao kidogo, nacho kinatulia kuwa kijivu cha vumbi. Nyeusi ya mistari ya pundamilia ianze na fondanti uliyokwisha kuikanda na kakao vijiko viwili vya chai kwa kila gramu 100, ndipo utie jeli nyeusi. Hapo rangi inayohitajika ni chache, na midomo ya watoto haitoki nyeusi.

Tembo

Chukua gramu 250 za fondanti ya kijivu, kanda ndani yake kijiko cha chai kimoja cha CMC, ifunge ipumzike saa 3. Bila CMC hii ya ziada umbo la kusimama halitadumu. Kisha pima vipande kwa mizani, usikadirie kwa jicho:

mwili gramu 100, kichwa pamoja na mkonga 60, miguu miwili ya chini 15 kila mmoja, mikono miwili 12 kila mmoja, masikio 7 kila moja, mkia 2.

Kipande usichokifanyia kazi kikae ndani ya nailoni. Mikono ipake mafuta mgando kidogo sana. Ikiwa moto, ioshe kwa maji baridi na uikaushe kabisa, maana tone moja la maji linaacha shimo kwenye fondanti.

Anza na masikio, kwa sababu ndiyo yanayohitaji kukauka kabla ya kubandikwa. Sukuma hadi milimita 3, kata umbo pana juu na jembamba chini. Sikio la tembo wetu linafanana na ramani ya Afrika. Bandika ndani kipande chembamba zaidi cha waridi. Laza kila sikio kwenye tumbo la kijiko cha wali lililonyunyizwa wanga wa mahindi, ule wa kukorogea kastadi. Yaache mpaka kesho yake. Sikio bichi ukilibandika linajikunja kama jani la mchicha lililotiwa moto.

Mwili uumbe kama yai lenye ncha butu juu, kimo sentimita 6, usimamishe. Chomeka katikati kijiti cheupe cha pipi kupita mpaka chini, kikibaki sentimita 3 juu kwa ajili ya kichwa. Kijiti cha pipi ni kinene, ncha zake ni butu na kinaonekana. Njiti ya kuchokolea meno ni nyembamba, ina ncha kali, na inaweza kuondoka na kipande cha mtoto. Kwa mikono na mkia tumia tambi kavu ya spageti, ambayo hata ikisahaulika ni chakula.

Kichwa anza na tufe lisilo na ufa. Ufa ulioko kwenye tufe utabaki usoni, kwa hiyo lizungushe viganjani kwa nguvu kwanza, kisha kwa upole. Weka tufe mezani, upande mmoja uubane kwa ukingo wa kiganja ukisukuma mbele na nyuma, mpaka mkonga utoke wenyewe kutoka kichwani, urefu sentimita 5, ukipungua unene kuelekea ncha. Usiubandike mkonga kama kipande cha pembeni: kiungo hicho ndicho kinachoachia kwanza. Kwa mgongo wa kisu chora mikunjo juu ya mkonga, iliyosongamana karibu na uso na kuachana kadiri unavyoshuka. Bonyeza ncha kwa kijiti upate tundu mbili.

Mkonga ulioinuliwa juu unapendeza kwenye picha, lakini kwa hewa ya hapa tunashauri uushushe na kuulaza juu ya tumbo, ncha ikijipinda kidogo pembeni. Mwili unaubeba, hauna pa kuangukia. Ukilazimika kuuinua, utegemeze kwa pamba safi iliyofungwa nailoni kwa saa 24.

Macho yakae katikati ya kimo cha uso na yaachane kuliko unavyodhani, mkonga ukipita katikati yao. Macho ya juu na yaliyokaribiana humfanya tembo aonekane mkali. Toboa vitundu kwa tambi, tia ndani tufe jeusi la ukubwa wa punje ya mtama, kisha nukta nyeupe ya ukubwa wa nusu ufuta upande wa juu. Nukta hiyo ndogo ndiyo inayompa uhai. Bila yake uso unakuwa umelala.

Kesho yake kata mfereji mdogo kila upande wa kichwa, tia gundi, penyeza sikio, na uweke karatasi laini iliyokunjwa nyuma yake mpaka lishike. Vidole vya miguu ni vitufe vya waridi vilivyobanwa.

Mkaushe juu ya wavu au chekeche lililopinduliwa, si juu ya sahani. Chini ya tembo ndipo panapobaki pabichi: kwenye sahani hewa haifiki, na siku ya tatu unamwinua huku makalio yamebaki mezani. Kama una chumba chenye AC, mweke humo, kwa sababu AC huyaondoa maji yaliyomo hewani. Feni haiyaondoi. Inasogeza hewa tu, lakini ni bora kuliko hewa iliyotuama. Siku za mvua mfululizo, mweke ndani ya oveni iliyozimwa yenye taa ya ndani inayowaka, mlango ukiachwa wazi kidogo kwa kijiko, ukiangalia isizidi uvuguvugu. Usimwanike juani: rangi inapauka na mafuta yanalainika. Wala usimtie friji.

Wanyama wengine kwa ufupi

Kasa wa bapa ndiye tunayempendekeza kwa anayeanza. Gamba ni yai la sentimita 5 la kijani chenye kahawia, unene milimita 4, likibonyezwa kingo. Kasa wa kijani, ambaye hutaga kwenye fukwe za Saadani, ana vigae 5 katikati ya gamba na 4 kila upande. Vichore kwa mgongo wa kisu na watoto wa pwani watamjua mara moja. Mapezi ya mbele yawe marefu mara mbili ya ya nyuma.

Mtoto wa Tanga anastahili pia kupata silikanti. Bahari yake ina hifadhi kwa ajili ya samaki huyu, iliyoanzishwa 2009, na si kila jiji lina hilo. Mtengeneze wa bapa, sentimita 12, buluu iliyofifia kwa kijivu, madoa meupe yasiyolingana, mapezi manene kama vimiguu na mkia wenye sehemu tatu, ile ya katikati ikiwa ndogo.

Simba: nywele za shingoni zitoe kwa kusukuma fondanti laini kwenye kichujio cha chai, ukate kwa kisu, ubandike kwa gundi. Twiga: shingo ndefu ni mtego, mfanye wa bapa au mwonyeshe kichwa tu. Pundamilia: nyeupe ikauke usiku mzima kabla ya kubandika nyeusi, tena kwa gundi kidogo mno, la sivyo nyeusi itavuja na kuacha kivuli cha kijivu.

Keki ya ndani

Hapa hatutakaa sana. Keki laini ya sifongo haifai kwa sababu fondanti ni nzito. Siagi gramu 400, sukari gramu 400, mayai 8, unga wa ngano gramu 450, beking poda vijiko vya chai 4, maziwa mililita 150, vanila na chumvi kidogo. Siagi na sukari zipigwe mpaka ziwe nyeupe, mayai moja moja, halafu unga na maziwa kwa zamu. Gawa kwenye vyombo viwili vya inchi 8, nyuzi 160, dakika 45 hadi 55. Kwa mkaa, tandika mchanga mkavu sentimita 2 ndani ya sufuria kubwa, upashe moto dakika 15, weka chombo, funika kwa sinia lenye makaa. Theluthi ya makaa iwe chini, theluthi mbili juu. Usifunue kabla ya dakika 35.

Usiinyweshe keki sharubati, maana maji ya ndani nayo huiyeyusha fondanti. Na usijaze krimu ya maziwa au matunda mabichi: vitu hivyo vinahitaji friji, na friji ndiyo tunayoikwepa.

Krimu: siagi gramu 150, mafuta mgando meupe gramu 150, sukari ya aisingi gramu 600, vanila, chumvi kidogo, bila maziwa hata tone. Siagi peke yake huanza kuyeyuka kwenye joto la mchana wa Januari, na keki nzima inateleza ndani ya vazi lake. Ganashi (chokoleti nyeusi sehemu 2 kwa krimu ya maziwa sehemu 1, au nyeupe 3 kwa 1) inashika vizuri ikiwa tu una AC.

Kata vilima vya juu ili keki ziwe sawa. Jaza krimu unene wa milimita 5, paka nje safu nyembamba, kisha weka karatasi ya kuokea na sahani nyepesi juu, uiache kuanzia asubuhi hadi usiku. Saa hizi ni muhimu. Keki hushuka kwa uzito wake na kutoa hewa iliyonaswa; ukifunika kabla haijashuka, itashukia ndani ya fondanti, na utaona mkanda umetokeza katikati kama tumbo juu ya mkanda wa suruali. Ukisubiri, unaukwangua kabla ya kufunika na kusawazisha kwa krimu.

Kufunika

1. Zima feni. Upepo hukausha ngozi ya juu ya fondanti ndani ya dakika chache, na inapokunjwa inatoa mikunjo midogo pembeni mwa keki. Utaiwasha ukimaliza.

2. Kanda gramu 900 mpaka ziwe nyororo. Ikinata, ongeza mafuta mgando kwanza, sukari baadaye. Ikikatika, ni kavu: kanda na mafuta na ukungu wa maji wa mkono ulioloweshwa kidogo tu.

3. Nyunyiza wanga wa mahindi kwenye meza, si sukari; sukari inanyonya unyevu na kuganda chini. Sukuma kwa mti wa chapati kutoka katikati kwenda nje, ukizungusha robo kila mara. Usiigeuze. Upana uwe sentimita 44, yaani keki 20, kimo 10 mara mbili, na ziada 4. Unene milimita 4. Chini ya 3 inachanika na krimu inaonekana, zaidi ya 5 uzito wake huivuta chini.

4. Gusa krimu. Ikinata, inatosha. Kama imekauka, pitisha kidole chenye mafuta mgando, si maji.

5. Kunja fondanti juu ya mti, iinue, ishushe kuanzia upande wa mbele kwenda nyuma. Lainisha juu kwanza ili hewa itoke, halafu mara moja shika ukingo wa juu kwa kiganja chote kuuzunguka. Ukingo huo ndio unaochanika, kwa sababu uzito wa kando zote unauning'inia.

6. Shuka taratibu. Chini patakuwa na marinda kama ya sketi. Kila rinda lifungue kwa kulivuta nje, kisha lilaze kwa kiganja kwenda juu. Ukilivuta chini unachana. Ukilikandamiza lilivyo linabaki mkunjo wa kudumu.

7. Kata ziada sentimita moja kutoka kwenye keki, lainisha tena, ndipo ukate karibu kabisa.

Kipovu cha hewa kitobolewe kwa pini yenye kichwa cha rangi, kwa kuilaza pembeni, kisha uiminye hewa kuelekea kwenye tundu. Hesabu pini kabla na baada. Mchaniko mdogo uzibe kwa sukari ya aisingi iliyokandwa na mafuta mgando. Mkubwa ndio mahali pa kasa. Madoa meupe ya wanga yafute kwa brashi kavu, yaliyobaki kwa brashi yenye mafuta kidogo. Wengine hutumia pombe kali kufuta na kuchorea. Mafuta mgando yaliyochanganywa na rangi ya unga yanafanya kazi hiyo bila pombe.

Friji, safari na meza

Masika, kitu chochote kilicho chini ya kama nyuzi 23 kinavuta umande kutoka hewa ya pwani. Keki inayotoka friji ina nyuzi 4 au 5. Ndiyo sababu dakika 10 tu baada ya kuitoa inang'aa, kisha inanata, kisha rangi inashuka. Keki yenye krimu hii inakaa salama nje ya friji siku mbili, chumba chenye kivuli. Ikilazimu kuiweka friji, itie ndani ya sanduku la karatasi nene, ifunge, na ukiitoa usilifungue kwa saa mbili au tatu. Umande utatua kwenye sanduku. Ikishatokwa jasho, usiiguse wala kuifuta. Iweke mbele ya feni, itakauka yenyewe. Alama ya kidole haitoki.

Tembo wa gramu 230 atazama kwenye keki usiku mmoja. Chomeka mirija minene minne, ikatwe sawasawa na uso wa keki, juu yake weka kadi ya duara ya sentimita 8 iliyofungwa nailoni ya chakula, ndipo umkalishe. Kama safari ni ndefu, Muheza au Pangani, msafirishe kwenye kikopo chake na umkalishe ukifika.

Kibao cha keki kiwe cha sentimita 30, chini yake weka kitambaa chenye kunata kisiteleze. Kwenye bajaji keki ikae sakafuni. Paja lina mteremko, tena lina moto. Ondoka kabla ya saa 3 asubuhi. Sherehe ikiwa ufukweni, iache ndani hadi karibu na kukata. Upepo wa bahari una chumvi na maji, na saa moja nje inatosha kuifanya inate. Mishumaa ikae sentimita 10 mbali na tembo.

Kabla ya kisu, mwinue tembo pamoja na kadi yake, toa mirija minne, hesabu iwe minne. Kijiti kilichomo mwilini kitoe kwa kukizungusha, usikivute, maana ukikivuta kinampasua tumbo mbele ya mwenye siku yake. Kisha mpe mtoto tembo wake.